Mawimbi Tuliyochapa Tabata

Marahaba, wanangu, marahaba wote. Nimeziona shikamoo zenu kwenye simu, nyingine mmezifupisha mpaka zimebaki herufi mbili, lakini nimezipokea. Mlipokuja kwangu Temeke Jumamosi ile mlimaliza chai yangu yote, mkaipiga picha mikono yangu kama vile ni maiti ya mtu mashuhuri, halafu yule binti yenu mwenye miwani akaniuliza mbele ya watu: "Bibi, umechapa picha za mawimbi miaka yote hiyo, mbona ukutani kwako hakuna hata moja?" Nikajifanya sijasikia. Nilisikia vizuri sana. Nilikwenda kuongeza sukari kwenye chai iliyokuwa tamu tayari.

Sasa nawajibu. Mlisema niandike kazi ilivyokuwa, niwape ufundi, nyie mnaojifunza kuchapa. Ufundi nitawapa, lakini mjue kwanza kwamba sikubakiza hata karatasi moja ya kazi yangu, na miaka sita nimetafuta moja tu: wimbi la mwisho tulilofanya mie na Fundi Methodi. Yeye alichonga mbao, mie nikachapa. Sasa hivi yuko Masasi kwa binti yake Anna, macho yamezima kwa presha ya macho, na kila Jumapili akitoka kanisani alikuwa ananipigia. Haanzi na salamu huyo. Anaanza na, "Mtani, umelipata?"

Ananiita mtani kwa sababu yeye Mmakonde na mie Mmwera, ingawa mie nimezaliwa hapahapa Temeke na Lindi naijua kwa kwenda misibani tu. Kwa utani huo tuliambiana maneno ambayo wengine wangepelekana serikali ya mtaa. Na kabla hamjaanza kuminyana: hapana, hatukuwa wapenzi. Mie nilikuwa na mume wangu, Mungu amrehemu, na Methodi alikuwa na mkewe aliyekuwa ananiletea kisamvu mpaka mlangoni. Lakini nimefanya kazi na mtu yule meza moja kwa zaidi ya miaka ishirini, na ninavyomkumbuka asubuhi nikiamka, sijui hata kuna neno lake. Namkumbuka, basi.

Aliyetufundisha ni mama mmoja wa Kijapani, Mwalimu Keiko, mfupi, mpole, na hasikii visingizio. Alipanga chumba nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi la Mzee Nassor pale Tabata, akatafuta watu wa kuwafundisha kuchapa picha kwa mbao, kama wanavyofanya kwao tangu zamani. Methodi alimtoa kwenye vinyago. Mie alinikuta nasuka mikeka. Alinishika vidole, akavibonyezabonyeza kama anachagua bamia sokoni, akasema hivi vinafaa.

Kazi yenyewe ni hii. Picha unaichonga kwenye ubao. Panapobaki juu ndipo panaposhika rangi, ulipochimba panabaki peupe. Ubao mmoja wa mistari myeusi, halafu kila rangi na ubao wake. Unapaka ubao rangi ya maji kwa brashi, unalaza karatasi yenye unyevu juu yake, unasugua mgongo wa karatasi kwa kisugulio cha mkononi. Hakuna mashine. Wimbi moja lilipita mikononi mwangu mara tisa, kumi, na kila mara lazima likae palepale lilipokaa mwanzo. Ndiyo maana kila ubao ulikuwa na alama mbili za kuchonga pembeni, unachomeka kona ya karatasi hapo kama unavyoingiza mguu kwenye kiatu chako. Alama ikikosewa kwa unene wa ukucha, povu linakaa angani na mbingu inashuka majini.

Kosa la kwanza alilifanya Methodi, na naanza nalo makusudi maana najua binti yake atamsomea. Mwalimu alitupa mchoro wa wimbi kwenye karatasi nyembamba, akasema ubandikwe juu ya ubao, kisha uchongwe pamoja na karatasi yake. Unabandika kifudifudi, sura ikitazama ubao, ili ikichapwa irudi upande wake. Methodi akabandika chali. Mwalimu aliporudi kutoka safari ya siku nne wimbi zima limeshachongwa, zuri la kutisha, linakwenda kinyume. Akamuuliza kwa nini. Methodi akajibu, "Mwalimu, mie nachonga nyuso tangu sijaota ndevu. Sijawahi kulaza uso ukaangalia gogo. Huyo atapumuaje?"

Mie nilicheka mpaka nikakaa chini. Tukalichapa hivyohivyo, kwa kujaribu tu. Likiwa bado mbichi, Mzee Nassor akaingia kudai ufunguo wake. Mzee wa Kiarabu, mtu wa duka na msikiti, vitabu vyake vyote anasomea kulia kwenda kushoto. Alisimama pale akalitazama wimbi hilo la kinyume, akasema, "Ahaa, hili ndilo linakwenda sawa. Yale mengine yenu yote yanarudi nyuma." Akaondoka nalo. Methodi alitembea Tabata wiki nzima kifua mbele. Tangu siku hiyo Mzee Nassor akawa anachukua moja la kila wimbi tulilomaliza, kwa ajili ya nyumba yake ya Kinondoni.

Haya, langu sasa. Rangi ya maji peke yake haikai kwenye ubao, inatawanyika. Lazima uichanganye na gundi kidogo ya wali uliopondwa ukawa uji. Mwalimu alikuwa anapika wake mtupu, maji na mchele. Siku moja hayupo, gundi imekwisha, mie nikatoa wali wangu wa mchana kwenye hotipoti, nikauponda, nikauchuja kwa kanga, nikachapa karatasi ishirini. Wali ni wali, siyo? Ulikuwa wa nazi! Karatasi zilipokauka bahari yote ilikuwa na madoa ya mafuta, kama pale bandarini meli inapomwaga uchafu. Methodi akaziinua moja moja kwenye mwanga. "Mtani," akasema, "umetuchapia bahari ya pilau." Mpaka leo ukipika wali wa nazi mbele yake anauliza kama ni wa kula au wa kuchapia. Mkitumia wali, pikeni bila chumvi, bila nazi, bila mkono wa mama mkwe.

Kisugulio kilichokuja kutoka Japani kilioza masika ya kwanza. Nikasuka changu. Kamba nyembamba ya ukindu, unaizungusha duara kama kawa ya kufunikia chakula, unaishona, unaivalisha ganda kavu la mgomba, unalikaza kwa nyuma liwe kishikio. Ganda likichakaa unabadilisha, migomba ipo kila uani. Mwalimu alikijaribu, akakijaribu tena. Wiki iliyofuata akaweka vyake kabatini. Nilisikia raha, jamani, siwezi kuwaficha. Kusugua siyo nguvu za mkono. Unaegemea, uzito wa mwili wote unashuka begani, mkono unafuata tu. Mkono ukiuma, ujue unakosea.

Na feni hapana. Nyie mnafanyia kazi mbele ya feni na nywele zinapepea. Karatasi yenye unyevu ikipigwa na feni inakauka na kusinyaa, rangi ya tano haikuti tena ya nne. Chumba kile cha bati pale Tabata, Januari, madirisha tumefunga, kitambaa kimefungwa kichwani jasho lisidondoke. Tulikuwa tunaanza alfajiri, tunaacha saa nne, jua likishakuwa kali. Masika ndiyo ilikuwa raha ya kuchapa, ila usiziache karatasi mbichi siku mbili, zinaota ukungu, na harufu yake utaijua.

Sasa Methodi na bahari. Mtu ametoka uwanda wa Makonde, kule maji ya kunywa yalikuwa yanafuatwa bondeni. Alikuwa anaishi Gongo la Mboto, akitoka hapo anakuja Tabata, akitoka Tabata anarudi Gongo la Mboto. Mawimbi ameyachonga mwaka mzima, maji ya chumvi hajagusa. Mwalimu akatupeleka Kigamboni siku nzima ili aangalie. Methodi alikaa mchangani na viatu vyake na soksi, daftari magotini, penseli mkononi. Baada ya saa nzima naenda kuangalia, daftari jeupe. "Halitulii!" akanifokea, kana kwamba mie ndiye ninayelisukuma. "Mtu ukimchonga unamwambia kaa, anakaa. Hili linakuja limeshaondoka."

Alichofanya ni kulichonga kama anavyochonga watu. Vile vinyago vyao vya watu waliopandana migongoni, mmoja ameshika mguu wa mwenzake, mnavijua. Basi povu la mawimbi yake lilikuwa hivyo, matone yamepandana, yameshikana, lililo juu linanyoosha vidole. Wimbi lilikuwa na paji la uso. Mwalimu alilitazama la kwanza la namna hiyo kwa muda mrefu, kisha akainama, yaani akamwinamia Methodi kwa heshima ya kwao, mgongo umelala kabisa. Methodi hakujua afanye nini, naye akainama, wakagongana vichwa.

Nyie mna mashine ya kukata plastiki, mnachora kwenye simu inachonga yenyewe. Sikatai, ningeipata wakati ule ningeikumbatia. Lakini nimewaona mkikosea: mnafuta, mnaanza upya, hamuumii. Methodi patasi ikimponyoka akamega kipande cha mstari, alikuwa anaweka kila kitu chini, anatoka nje, anaangalia matofali ya Mzee Nassor. Akirudi anachimba pale palipomegeka, anachomeka kipande cha mti uleule, gundi, msasa, anachonga tena juu yake. Unasikia kwa kidole tu kwamba pana kiraka. Ukikigusa pale ubaoni unajua siku ile palitokea nini.

Mtauliza mbao hizo ziko wapi. Hazipo. Ulikuwa utaratibu wa Mwalimu, na baadaye wetu: idadi ya karatasi mliyokubaliana ikitimia, ubao unapigwa randa mpaka uwe mweupe, unachonga wimbi lingine juu yake. Mti mzuri haukupatikana kirahisi; mkangazi wa zamani tulikuwa tunauvizia nyumba zikibomolewa. Methodi alikuwa anashika randa, mie nashika ubao usiteleze. Maranda yake yalikuwa yanatoka na rangi, ya bluu, ya kijivu, tunayatia jikoni tunachemshia chai. Nimekunywa chai ya mawimbi yangu yote. Na karatasi zilikwenda kwa wanunuzi, kwa wageni, kwa mahoteli, na sikuweka yangu kwa sababu sikuzote palikuwa na lingine mezani zuri kuliko lile lililopita. Ndivyo nilivyokuwaga najiambia: nitaweka la mbele.

Mwalimu alirudi kwao baada ya miaka kadhaa. Aliendelea kututumia bluu, unga fulani kwenye makopo madogo, bluu yenye kina, ukiiangalia inakuvuta. Akazeeka, makopo yakaacha kuja. Tukapunguza, tukaitunza kama dawa. Kopo la mwisho lilikwisha tukiwa na wimbi mezani ambalo Methodi alilichonga pua ikiwa inagusa ubao, maana macho yalikuwa yameanza kumkimbia. Wote wawili tulijua ni la mwisho.

Hapo ndipo nilipofanya nililofanya. Nilikwenda dukani nikanunua bluu ya kufulia. Ileile ya kutia kwenye mashuka meupe. Nikaiyeyusha, nikaichuja mara tatu kwa kanga, nikaitia gundi. Ile namna ya kufifisha rangi mnayoniulizaga kila siku, niliifanya vizuri siku ile kuliko siku zote: unalowesha ubao upande mmoja, unatia rangi upande wa pili, brashi inapita mara moja bila kusita, bluu inatoka nzito chini ya wimbi inapanda ikipotea mpaka mbingu inabaki nyeupe. Wallahi ilitoka. Ilitoka nzuri kuliko ile ya Japani.

Methodi aliisogeza karatasi mpaka jichoni. Akakaa nayo. "Mtani," akasema, "leo umeniua. Bluu hii umeipata wapi?"

Nikasema, "Si ya Mwalimu? Nilibakiza kidogo."

Nilitaka ile sifa iwe yangu nzima. Ningesema ya kufulia angecheka, angeniita dobi, na mie siku ile sikutaka kuchekwa. Ni hilo tu. Karatasi zikaenda, ubao tukaupiga randa, yeye akahamia Masasi. Mwezi wa kwanza tu akapiga: mtani, lile la mwisho, nilione hata kwa mdomo wako, litafute. Yeye hakuwa na jicho, mie sikuwa na karatasi. Nikaanza kutafuta. Nimeuliza mahotelini, nimefukuzwa na walinzi, nimeandikia watu wamehama zamani. Mzee Nassor naye alikuwa ameshafariki, duka limeuzwa, na nyumba yake ya Kinondoni sikuwahi kuijua iko wapi. Kila Jumapili umelipata, sijalipata, umelipata, sijalipata.

Mwezi uliopita, siku chache baada ya nyie kuondoka, akanipigia Bi Zuwena, binti yake marehemu Mzee Nassor, namba yangu kaikuta kwenye daftari la baba yake. Wanapaka rangi nyumba ya Kinondoni, wanashusha picha za baba, je nitapenda kuja kuziona? Nilivaa baibui ndani nje. Mpaka nafika kwao ndiyo naambiwa na mtoto wa jirani.

Mawimbi yetu yalikuwa yameegemezwa ukutani sebuleni, mengi, na lile la kinyume lilikuwepo, bluu yake ya Japani imekaa kama jana. La mwisho Zuwena alilileta mwenyewe. "Hili lilikuwa hapa mkabala na dirisha," akasema. "Baba alilipenda, alikuwa anakaa kiti kile analiangalia." Akaniwekea magotini.

Halikuwa na bahari. Mistari myeusi yote ipo, kwa sababu wino ule ulikuwa wa masizi na masizi hayaendi popote. Paji la uso lipo, matone yamepandana, vidole vimenyooka. Lakini chini yake karatasi tupu, ya rangi ya chai. Jua la dirisha lilikuwa limeila bluu yangu yote. Zuwena alipolegeza fremu, pale pembeni fremu ilipokuwa imeifunika karatasi, palikuwa na uzi mwembamba wa bluu, na ilikuwa nzuri vilevile nilivyoikumbuka. Nikaomba maji ya kunywa.

"Lichukue, bibi," Zuwena akasema. "Ni kazi yako."

Nikapiga Masasi. Ilikuwa Jumanne, siyo siku yetu. Anna akampa baba yake simu, nikasikia, "Mtani, nani kafa?"

"Hajafa mtu. Nimelipata."

Nikasikia anamwambia Anna azime redio. "Nisimulie," akasema. "Anzia juu. Usikimbie."

Nikaanza juu. Nikamwambia vidole vya povu viko saba. Akasema nane. Nikasema saba, cha nane ulikimega ukatoka nje kuangalia matofali, ukarudi ukakiacha bila kiraka. Akacheka, akasema kweli, saba. Nikamwambia mstari wa mgongo ulivyoshuka, unene wake, pale ulipokonda, na yeye anaitikia, ehe, ehe, nasikia mkono wake unapita kwenye meza, anachonga hewa. Nikafika chini, nikaishia hapo.

"Na bluu?" akauliza. "Nisimulie ile bluu."

Wanangu, mtu yule haoni. Ningeweza kumwambia lolote. Maneno nilikuwa nayo yote mdomoni, nzito chini, inapanda inapotea, ningemsimulia akalala nayo mpaka siku yake. Na Zuwena asingejua, na nyie msingejua.

"Bluu haipo, Methodi," nikasema. "Haikuwa ya Mwalimu. Ilikuwa ya kufulia. Nilikudanganya. Jua limeila."

"Imeliwa yote?"

"Yote."

Hakucheka. Hakuniita dobi. Nikaanza kulia pale sebuleni kwa watu, na sikuona haya.

"Kwa hiyo hapo," akasema taratibu, "nimebaki mie peke yangu?"

"Umebaki peke yako. Umependeza. Zuwena kanipa, nalipeleka nyumbani."

"Liache," akasema. "Liache hapohapo kwa watu, mtani. Kama mkono wako haumo, hilo si letu."

Nikalirudisha ndani ya fremu yake, nikakaza misumari kwa kidole gumba, nikamwomba Zuwena alitundike wakimaliza kupaka rangi.